Sura ya 6: Maji Kupwa Si Bahari Kukauka

"Nesi, siku zangu zimeanza kuruka. Si ndiyo nimemaliza?"

Hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hili na wanawake waliovuka miaka 40. Wengi hawaliulizi wakiwa wameketi. Hulitoa wakiwa wameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Mmoja wao aliketi. Alikuwa na miaka 44, mama wa watoto wanne. Alifungua pindo la kanga akatoa kadi yake ya uzazi wa mpango, imekunjwa mara nne hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Wino ulikuwa umefifia kwa jasho, lakini tarehe zilisomeka: siku aliyowekewa vijiti vya mkononi, na siku aliyotakiwa kurudi kuvitoa. Hiyo ya pili ilikuwa imepita kwa miaka miwili.

"Nilivisahau, dada," akasema. "Halafu nikaona siku zenyewe mwezi huu zinakuja, mwezi ujao kimya. Nikajua kazi imekwisha yenyewe. Nitolee tu, nikapumzike."

Kabla ya kuvitoa tulipima mimba. Katika zile dakika chache za kusubiri kipimo hakusema neno, alikuwa akilizungusha pindo la kanga kwenye kidole. Binti yake mkubwa alikuwa na mimba ya miezi sita. Baadaye aliniambia alichokuwa akikiwaza: atamtazamaje mkwewe usoni.

Mstari ukatokea mmoja. Hakuwa na mimba. Akashusha pumzi, kisha akauliza swali ambalo ndilo linaibeba sura hii: "Sasa mtu wa umri wangu anatumia nini?"

Jibu langu ni hili. Katika miaka hii hutafuti njia inayosifiwa na wengi. Unatafuta njia itakayokuvusha salama hadi uzazi ukome kweli, bila kugombana na mambo mengine yanayoendelea mwilini mwako.

Mwili unafanya nini katika miaka hii?

Tuanze na maneno mawili. *Ukomo wa hedhi* ni pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hakuna sababu nyingine kama mimba, kunyonyesha au dawa. Kwa wanawake wengi hufika kati ya miaka 45 na 55. *Miaka ya mpito* ni ile inayotangulia ukomo huo, ambapo hedhi hupoteza mpangilio. Mpito unaweza kuchukua miaka kadhaa.

Mwanamke huzaliwa na akiba ya mayai, na akiba hiyo haiongezwi. Akifika miaka ya 40 imebaki kidogo, na mayai hayapevuki tena kwa ratiba. Mwezi huu yai linapevuka, miezi miwili inayofuata hakuna, mwezi wa nne linapevuka tena. *Homoni*, yaani kemikali ambazo mwili hutengeneza ili kupeleka maagizo kutoka kiungo kimoja hadi kingine, nazo hupanda na kushuka bila utaratibu. Ndiyo maana mwanamke huanza kusikia joto la ghafla usiku hadi shuka linalowa, usingizi unakatika, na hedhi mara inakuja kidogo, mara inamwagika.

Watu wa pwani wanajua kwamba maji yakipwa, bahari haijakauka. Waweza kutembea kwenye mchanga mkavu ukaokota kombe, na saa chache baadaye maji yakakufika kiunoni. Hedhi ya miaka ya mpito iko hivyo. Miezi mitatu ya ukimya haikuhakikishii kwamba mwezi wa nne yai halitapevuka, na yai hilo moja linatosha kuleta mimba.

Hapa ndipo njia ya kuhesabu siku inapowaangusha wengi. Kalenda, na hata shanga za kuhesabia mzunguko, humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake hautoki nje ya siku 26 hadi 32. Ikiwa mwezi huu ni siku 24 na ujao ni 50, hesabu hiyo haina pa kushika.

Kwa ufupi: Uwezo wa kushika mimba hupungua sana baada ya 40, lakini haujaisha hadi ukomo wa hedhi uthibitike. Hedhi kuruka ni dalili ya mpito, na mpito hautangazi siku utakayokwisha.

Mimba ya miaka hii ina uzito wake

Katika koo nyingi yupo kitindamimba aliyemjia mama yake wakati dada zake wameshaolewa. Wengi wao wamekuwa baraka ya uzeeni, wala sitaki mtu asome sura hii akamwonea haya mtoto wake. Lakini mwanamke anayefanya uamuzi anastahili kuyajua mambo kama yalivyo.

Baada ya 40, theluthi moja ya mimba au zaidi huharibika. Presha ya mimba na kisukari cha mimba hutokea mara nyingi zaidi. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na hali iitwayo *Down*, inayotokana na mtoto kuwa na kromosomu moja ya ziada, hupanda kutoka chini ya mtoto 1 kati ya 1,000 kwa mama wa miaka 25 hadi takriban 1 kati ya 100 kwa mama wa miaka 40. Na kwa mwanamke aliyezaa mara tano au zaidi, mji wa mimba huweza kushindwa kujikaza baada ya mtoto kutoka. Hapo ndipo damu humwagika kwa wingi, na wakunga wanajua jinsi dakika zinavyokuwa chache.

Tena mimba hizi huchelewa kugunduliwa. Mama anadhani ni ukomo wa hedhi, kumbe ni mimba ya miezi minne. Kliniki anaanza amechelewa, na presha inapimwa imeshapanda.

Njia za muda mrefu, moja baada ya nyingine

Njia ya muda mrefu ni ile unayowekewa mara moja ikafanya kazi kwa miaka bila wewe kuikumbuka kila siku. Kukumbuka ndiko kunakoleta tofauti. Katika matumizi ya kawaida ya watu, pamoja na kusahau na kuchelewa, kati ya wanawake 100 wanaotumia njia fulani kwa mwaka mmoja, watakaopata mimba ni takriban:

- 20 wanaotegemea mwanaume kumwaga nje;
- 13 wanaotegemea kondomu ya kiume;
- 7 wanaotumia vidonge;
- 4 wanaotumia sindano;
- chini ya 1 wanaotumia kitanzi;
- chini ya 1 wanaotumia vijiti. Hapa ni kama mwanamke 1 kati ya 1,000.

Hizo ni hesabu za wanawake wa umri wote. Kwa waliovuka 40 mimba ni chache zaidi katika kila njia, lakini mpangilio ni uleule.

*Kitanzi cha shaba.* Wengine hukiita lupu. Kiweke kiganjani ukione: kiplastiki chenye umbo la herufi T, kirefu kama sentimita tatu na nusu, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, mkiani kina nyuzi mbili laini. Hakina homoni. Shaba huzidhoofisha mbegu za kiume zisilifikie yai. Hudumu miaka 10 hadi 12, na nchini Uingereza wataalamu wanashauri kwamba kikiwekwa mwanamke akiwa na miaka 40 au zaidi, kiachwe hadi ukomo wa hedhi. Kasoro yake ni moja kubwa: katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, hedhi huwa nzito zaidi na tumbo huuma zaidi. Mwanamke ambaye mpito umeshamletea hedhi ya kumwagika, au ana upungufu wa damu, afikirie mara mbili.

*Kitanzi cha homoni.* Umbo ni lilelile la T, ila badala ya shaba hutoa homoni kidogo kidogo ndani ya mji wa mimba. Homoni hiyo huuzuia ukuta wa ndani usinenepe na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, mbegu zisipite. Kile chenye dozi kubwa hukinga mimba hadi miaka 8, na kikiwekwa baada ya miaka 45 huweza kuachwa hadi 55. Kwa mwanamke wa mpito anayetumia kanga nzima kila mwezi, hiki ni kinga na tiba pamoja, kwa sababu hedhi hupungua sana, na kwa wengine hukatika kabisa. Hakipatikani kila kituo, hivyo ulizia hospitali ya mkoa au kliniki binafsi, na uliza bei mapema.

*Vijiti.* Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba miongoni mwa njia za kisasa, vijiti ndivyo vinavyotumiwa zaidi na wanawake walioolewa Tanzania. Ni laini, vyembamba kama njiti ya kiberiti, na huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa ganzi kidogo. Kuna aina ya kijiti kimoja, ambayo kwa kawaida huandikiwa miaka mitatu, na ya vijiti viwili, ambayo mara nyingi ni miaka mitano. Presha si kizuizi. Tatizo lake katika umri huu ni damu ya matone isiyo na ratiba: hujui ni kijiti, ni mpito, au ni ugonjwa unaotaka kuchunguzwa.

*Sindano ya miezi mitatu.* Hii si njia ya miaka, ila imewasaidia mama zetu wengi na sitaidharau. Lakini hupunguza uzito wa mifupa kwa muda inapotumika, na mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi tayari yuko njiani kupoteza nguvu ya mifupa. Ukifika 50, ni vema uwe umeshazungumza na mtoa huduma kuhusu kuhamia njia nyingine.

*Kufunga uzazi.* Ni njia ya kudumu. Kwa mwanamke, mirija inayopitisha yai hufungwa kwa upasuaji mdogo. Ukiwa na miaka 38 na umeridhika na watoto ulionao, ni chaguo zuri. Ukiwa na 48, jiulize kama unahitaji upasuaji kwa ajili ya miaka michache iliyobaki wakati kitanzi kinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kwa mwanaume ni rahisi zaidi: mirija ya mbegu hufungwa kwa ganzi na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nguvu zake na hamu yake hubaki zilivyokuwa. Sharti ni kutumia kinga nyingine kwa miezi mitatu hadi kipimo kionyeshe mbegu zimekwisha. Baba aliyemwona mkewe akibeba mzigo huu miaka 20 anaweza kuupokea hapa mwishoni.

Kwa ufupi: Kitanzi cha shaba kinamfaa asiyetaka homoni na ambaye hedhi yake si nzito. Kitanzi cha homoni kinamfaa mwenye hedhi ya kumwagika. Vijiti vinamfaa asiyependa kuwekewa kitu kizazini. Kufunga uzazi kunawafaa walioamua bila shaka, na waume wamo.

Maswali matano kabla ya kuchagua

Yajibu nyumbani, kisha nenda nayo kliniki.

1. *Presha yangu ikoje?* Vidonge vyenye homoni mbili havimfai mwenye presha, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kumetameta machoni, wala mvutaji sigara aliyevuka 35, kwa sababu huongeza hatari ya kiharusi na ya damu kuganda kwenye mishipa. Ukifika 50, viache hata kama u mzima. Vitanzi na vijiti havina tatizo hilo la presha.

2. *Damu yangu inatoka kiasi gani?* Ukibadilisha pedi au kitambaa kila saa, ukitoa mabonge, au damu ikitoka baada ya tendo la ndoa, chunguzwa kwanza. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, huenda ni jambo jingine. Njia isije ikaficha ugonjwa.

3. *Natumia dawa gani nyingine?* Baadhi ya dawa za kifafa, dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na dawa ya VVU iitwayo efavirenzi huipunguzia nguvu homoni ya vijiti. Vitanzi haviguswi na dawa hizo. Taja kila kidonge unachomeza.

4. *Nimewahi kuugua saratani ya matiti?* Kama ndiyo, njia za homoni hazikufai. Kitanzi cha shaba kinakufaa.

5. *Nina uhakika gani na hali yangu na ya mwenzangu?* Miaka haizuii VVU wala magonjwa ya ngono. Njia zote nilizotaja, isipokuwa kondomu, hukinga mimba tu. Palipo na shaka, kondomu iongezwe.

Na ukiwa kitandani kwa ajili ya kitanzi, omba upimwe pia saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni cha dakika chache. Usikubali kupanda kitanda mara mbili kwa jambo linalomalizika mara moja.

Maneno ya mtaani

*"Hedhi isipotoka, damu chafu inajaa tumboni."* Hakuna damu inayojaa. Hedhi ni ule ukuta wa ndani wa mji wa mimba unaobomoka. Njia za homoni huuzuia usijengeke, hivyo hakuna cha kubomoka. Shamba lisilopandwa halina cha kuvunwa.

*"Kitanzi kinapanda hadi moyoni."* Mji wa mimba ni mfuko wenye njia zake, wala hauna njia ya kwenda moyoni. Mara chache sana kitanzi hutoboa ukuta wakati wa kuwekwa, au hutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo. Ndiyo maana unarudi kuangaliwa baada ya wiki tatu hadi sita.

*"Dawa za joto la ukomo wa hedhi zinazuia na mimba."* Hazizuii. Homoni za kutuliza joto la mwili hazina nguvu ya kulizuia yai. Anayezitumia katika miaka ya mpito bado anahitaji njia ya uzazi wa mpango.

Niache lini?

Hili ndilo ambalo wengi hawaelezwi. Anza na umri wako, kisha angalia njia yako.

- *Hutumii homoni* (kitanzi cha shaba au kondomu), na ulipopata hedhi ya mwisho ulikuwa chini ya miaka 50: endelea miaka miwili baada ya hedhi hiyo.
- *Hutumii homoni*, na ulipopata hedhi ya mwisho ulikuwa na miaka 50 au zaidi: endelea mwaka mmoja.
- *Unatumia vijiti au kitanzi cha homoni:* hedhi kukatika hakukuambii kitu, kwa sababu njia yenyewe huikata. Wengi hushauriwa kuendelea hadi 55, au ukishafika 50 daktari aweza kupima homoni kwenye damu ili kuamua mapema.
- *Umefika 55:* karibu wanawake wote wanaweza kuacha.

Kitanzi kisiachwe ndani baada ya kazi kwisha. Rudi kitolewe. Na damu yoyote inayotoka baada ya ukomo wa hedhi kuthibitika, hata tone, ni ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

Nafasi yako kwenye benchi

Wanawake walioko kwenye miaka ya 40 leo walikuwa watoto, redio ziko mezani, mchezo wa *Twende na Wakati* ulipoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Walikua wakisikia habari za uzazi wa mpango, na mara nyingi habari hizo zilikuwa za kupishanisha watoto. Somo la kupumzika kati ya mimba na mimba lilieleweka. La kufunga safari vizuri halikusemwa sana. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 46 akifika kliniki akawakuta wasichana wa miaka 20 wamejaa kwenye benchi, wengine wa umri wa binti zake, anageuza njia. Anaona atachekwa: bibi naye bado?

Mama, kaa. Huduma hii katika vituo vya umma ni bure, na ni haki yako hadi ukomo wa hedhi uthibitike. Mtoa huduma akikutazama kwa jicho la kukushangaa, mwambie umri wako bila kuinamisha kichwa.

Yule mama wa kadi alikaa. Presha yake ilikuwa imepanda kidogo, hivyo vidonge tukaviweka pembeni. Hedhi yake ilikuwa nyepesi, damu yake ilipimwa ikawa nzuri, na homoni alisema amezichoka. Kwa kuwa vijiti vilikuwa vimeisha muda, nilimwomba atumie kondomu kwa wiki tatu kisha tupime tena, kwa sababu mimba changa sana huweza kukosekana kwenye kipimo cha kwanza. Alirudi siku tuliyopanga. Mstari ulikuwa mmoja. Tukatoa vijiti na kuweka kitanzi cha shaba.

Nilichukua kadi mpya, nikaandika tarehe ya siku ile. Kisha tukapiga hesabu pamoja, yeye akihesabu kwa vidole: miaka 44, ongeza 10 ni 54, ongeza 12 ni 56. Akainua macho.

"Kwa hiyo sitabadilisha tena?"

"Ukikaa salama, hiki ndicho cha mwisho. Siku zikikatika hujafika 50, hesabu miaka miwili. Zikikatika baada ya hapo, hesabu mwaka. Kisha uje nikitoe."

Aliikunja kadi mara moja tu, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka. Aliyemfuata kwenye benchi alikuwa binti wa miaka 20 hivi. Nikamsikia yule mama akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ingia mwanangu, nimeshamaliza."